Alichonunua Baba Limi

Msumari wa kwanza ulitoka na kutu yake. Baba Limi, aliyekuwa juu ya paa, aliutia mfukoni, maana hata msumari ulikuwa wake.

Nyumba hii ya Masumbwe aliinunua kwa ng'ombe sita. Mwenye nyumba aliwapokea, kisha akakataa kuhama. Ukame ukawaua ng'ombe wote.

Jana baraza la mtemi lilimpa njia mbili: adai ng'ombe wake, au achukue alichonunua. "Lakini ardhi haiuzwi," wazee walimwambia. "Wewe umenunua mabati, milango na miti."

Ng'ombe waliokwisha kufa angewadaije? Wanawe walikuwa wanalala uvunguni mwa ghala la jirani, na mawingu yalishaanza kujaa.

"Sogea, baba," tarishi wa baraza alimwambia mwenye nyumba aliyekaa kizingitini. "Na mlango nao ni wake."

Yule mzee alisogea.

Baba Limi aliinua bati. Mwanga ukamwangukia binti wa mwenye nyumba, amelala na kichanga cha siku chache juu ya ngozi ya ng'ombe. Ngozi ilikuwa nyeusi, ina baka jeupe begani. Baba Limi aliitambua.

Binti aliona anapotazama. Akamlaza mtoto kwenye udongo mtupu, akaikunja ngozi, akamnyooshea.

"Na hii ni yako, baba."

Tone la mvua liligonga bati. Baba Limi akaipokea ngozi, akaitandika juu ya boriti, akaikalia, akatafuta msumari wa pili.