Hamu ya Udongo

Tangu kampuni ituunganishe matumbo, wafanyakazi sita wa timu moja, ili tujifunze umoja, mke wangu Anande haniamini. Mzee Kisanga wa stoo akila mishikaki njiani, mimi nafika nyumbani nimeshiba, naulizwa nani kanipikia.

Jumapili alinipakulia ndizi nyama, nikamwomba udongo.

"Udongo upi, baba Elia?"

"Ule wa wajawazito. Timu nzima tunautamani."

Akaweka mwiko chini. "Nani ana mimba?"

"Nadhani Sifuni, yule binti mgeni. Bado yuko kwenye majaribio. Meneja akijua, hamwajiri."

Jumatatu meneja alitukuta tukitafuna udongo, akatuita sote sita, akauliza swali hilohilo la Anande. Tukatazama viatu vyetu. Tumbo la Sifuni likasokota kwa hofu, na yetu pia. Ndipo Mzee Kisanga, mwenye miaka hamsini na tisa na sharubu nyeupe, akanyoosha mkono.

"Ni mimi, bosi."

Meneja akaandika kwamba mafunzo ya umoja yamefaulu.

Nilipomsimulia Anande, alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaniuliza, mzee aliponyoosha mkono wake, wangu mimi ulikuwa wapi.