Stesheni Iliyohama Yenyewe

King'amuzi kilihama tena chenyewe, kutoka taarabu kwenda mpira. Bi Sikudhani akamgeukia Fundi Kombo, aliyeitwa kukikagua.

"Umeona? Nilikwambia kina jini, ukanicheka."

"Jini gani, shemeji! Hiki kinatumia Linux, programu kama ya kompyuta. Uzuri wake, mwenye nywila anakitazama kwa simu popote penye mtandao. Ubaya wake, kina njia moja tu, hakifungui stesheni mbili kwa pamoja. Akihamisha yeye, nawe unahama."

Mwenye nywila alikuwa mmoja: Shebe, mumewe, aliyesema kule machimboni alikokwenda kufanya kazi hakuna mtandao, ndiyo maana hapigi simu.

Sikudhani akarudisha taarabu. Mpira ukarejea. Akarudisha tena, akaongeza sauti.

Safari hii taarabu haikukatizwa. Sikudhani akaikodolea macho runinga, kama anayesikia mtu akibana pumzi nyuma ya mlango.