Kikombe cha Mpagazi

Mgeni alikipindua kikombe kwanza, akakimulika kitako kwa tochi, akaguna.

"Mimi siku zote huanzia chini," alisema.

Bibi Bertilla akashika rozari. Ignasi akasogeza kiti. Cornelia, bintiye Bibi, akasahau kabisa kwamba ana maji ya chai motoni.

Hapo ni Msanzi, Jumamosi saa nne asubuhi, na hicho hakikuwa kikombe cha kunywea uji. Kilikuwa cha kaure nyeupe, ukingo wa dhahabu, na ubavuni picha ya tai na askari wa Kijerumani mwenye masharubu. Baba yake Bibi, marehemu Abeli, alikuwa mpagazi katika ile vita ya kwanza. Alimbeba afisa mgonjwa mpaka Kasanga, na walipofika ziwani afisa akampa kikombe chake mwenyewe. Ndivyo Abeli alivyosimulia mpaka anakufa, na Bibi naye akasimulia hivyohivyo miaka sitini.

Kisha akatokea Ignasi. Huyu hukusanya vitu vya vita, na nyumba yake kule Sumbawanga mjini imejaa kofia za chuma na maganda ya risasi. Mtu mzuri tu, ila mdomo! Kwenye harusi moja hapo nyumbani kwa Bibi, mbele ya watu mia mbili, alikishika kikombe akasema, "Kikombe ni cha kale, sikatai. Lakini picha imechorwa juzi. Wajanja wanatafuta kikombe cheupe cha zamani, wanakipaka tai na askari, wanatuuzia sisi wajinga. Mimi mwenyewe nimeshalizwa mara mbili."

Watu walicheka sana. Bibi alikosa usingizi siku tatu. Baba yake aitwe mwongo, naye yuko kaburini hawezi hata kujitetea!

Wakapatana. Ignasi angemwita mtaalamu wa vitu vya kale kutoka Mbeya, aje Jumamosi; walikuwa wameandikiana naye meseji tu, hawajaonana. Picha ikiwa ya uongo, Bibi asisimulie tena habari ile maisha yake yote. Ikiwa ya kweli, Ignasi amwombe radhi marehemu mbele ya majirani.

Basi asubuhi hiyo pikipiki ilipoingia uani, na mwanamume mwenye begi jeusi akashuka, majirani wote walisimama. Alipigiwa makofi ya heshima, akakalishwa, akaletewa ugali wa ulezi na samaki wa ziwani, migebuka. Alipofungua mdomo kujieleza, Bibi alimkatiza.

"Kula kwanza, mwanangu. Kwetu mgeni haulizwi safari akiwa na njaa."

Akala. Hakuwa hata amejifuta mikono vizuri, akakuta amewekewa kikombe kiganjani.

"Kitazame," Bibi alimwambia. "Uniambie kama hii picha ina umri mmoja na kikombe. Na usinionee huruma."

Mgeni alimtazama Bibi, akawatazama majirani, akajikuna shingo. Kisha akafungua begi lake, akatoa tochi, glavu, pamba na chupa ya spiriti. Majirani wakatazamana. Kumbe mambo yenyewe ni mazito hivi!

Ndipo alipokipindua kile kikombe na kuguna.

"Bibi anasema kina miaka mia na zaidi," Ignasi alidokeza.

"Wenye mali huniambia umri wanaoutaka wao," mgeni alijibu. "Siwasikilizi, natazama mwenyewe. Hebu shika hapa, kwa nguvu. Usiogope, hiki hakiumi."

Ignasi akashika. Mgeni akalowesha pamba kwa spiriti, akamsugua yule tai kichwa mpaka mkia. Pamba ikabaki nyeupe.

"Rangi ya kopo ingetoka," alisema. "Mnakisafisha na nini?"

"Majivu," Bibi alijibu. "Mama yangu alikisugua kila Pasaka, na mimi vivyo hivyo."

"Inaonekana. Tazama mikwaruzo ilivyopita juu ya tai, juu ya masharubu ya askari. Picha ingechorwa juzi, mikwaruzo ingekuwa chini yake."

Ignasi akainama, akatazama. Akavua miwani, akaifuta, akatazama tena.

"Halafu hii dhahabu ya ukingoni," mgeni aliendelea, "imefutika upande mmoja tu, upande wa midomo. Kwa jinsi mkono wa kikombe ulivyokaa, aliyekuwa akinywea alikishika kwa kushoto."

Bibi Bertilla akapiga kelele moja iliyowatoa kuku chini ya ghala.

"Baba alikuwa mashoto! Yesu na Maria, baba yangu alikuwa mashoto!"

Hilo hakuna mtu aliyekuwa amemwambia mgeni. Hata Ignasi hakulijua. Alipiga magoti palepale uani, suruali yake nzuri ya mjini ikaingia mavumbini, akapiga makofi taratibu kama mtu anayemsalimia mkubwa.

"Mzee Abeli, nisamehe. Nilikuita mwongo na wewe ulisema kweli. Na wewe, Bibi, nisamehe."

"Nimeshakusamehe, inuka," Bibi alisema huku analia na kucheka kwa pamoja. "Lakini nenda kawaambie na wale mia mbili!"

Vigelegele vikapasuka. Mtu akaleta pombe ya ulezi. Bibi akamkumbatia mgeni, akamwita mwanawe, akasema kwamba msomi wa namna hii hajawahi kukanyaga Msanzi. Ignasi alikuwa wa kwanza kuitikia.

Mgeni akasubiri kelele zipungue. Glavu zilikuwa bado mikononi. Akamgeukia Cornelia, akamwambia kwa adabu:

"Dada, naomba sasa niseme kilichonileta. Mumeo aliniambia ni nguruwe dume wanne. Banda liko wapi, nikawahasi?"