Jibini ya Baba Siwema

Siku hizi jiko haliwaki mpaka kila mlaji aliguse kwa kidole, lipime damu yake, ndipo liseme anaruhusiwa mafuta kiasi gani. Mume wangu, Baba Siwema, ana ugonjwa wa moyo. Kwa hiyo lasanya yake naipanga kwa biringanya badala ya tambi, mtindi badala ya krimu, na jibini ya kunusa tu. Kila Ijumaa analalamika kwamba namlisha kama sungura.

Leo aligusa jiko, akaenda kuoga. Mimi, kwa ukaidi wangu, nikamkunia jibini kama nakuna nazi, nikingoja jiko lizime kama kawaida yake. Halikuzima.

"Ongeza ukipenda," lilisema kwa upole. "Kwake hakuna kikomo tena."

Nikaliuliza kama amepona. Likarudia yale yale: hakuna kikomo tena. Maneno hayo niliwahi kuyasikia jikoni kwa mama, wiki ile aliyotutoka.

"Mama Siwema!" aliita mume wangu akijifuta maji. "Harufu gani hiyo? Kwani nimepona?"

"Kaa ule, isije ikapoa."

Alikula amefumba macho. Nami nikala biringanya zangu, maana mimi jiko bado linanibana.