Zambarau ya Mama

Ukuta wa kanisa la Waunitaria ulimpa kila mwimbaji rangi ya sauti yake peke yake, nayo ilifutika siku alipofariki. Kemilembe alikuwa na mwaka mzima hajaiona zambarau ya marehemu mama yake. Jumapili hiyo, kikombe cha mwali wa moto kilipowashwa kufungua ibada, binti yake wa miezi minane akaiitikia kwaya kwa mara ya kwanza. Zambarau ikatapakaa hadi darini!

"Bibi karudi!" mwalimu wa kwaya akapaza sauti. "Wee Kemi, umemzaa mamako!"

Vigelegele! Kemilembe alicheka huku analia, akacheza na mtoto mgongoni.

Nyumbani akapoza uji, akainua kijiko, na mdomo wake ukatamka wenyewe, "Shikamoo."

Mtoto akamtazama kwa utulivu, akamwekea mkono utosini.

Kemilembe akatamani mwanawe alie.