Gramu Tisa

"Na koti pia, Profesa."

Mzee Prewitt alilivua bila haraka, akalitandaza juu ya meza ya kusomea kama anayemtandikia mgeni kitanda. Delphine alivuta glavu zake mpaka kwenye viwiko vya mikono, akaingiza mkono mfuko wa kwanza. Leso. Ilikuwa mbichi. Aliitoa kwa ncha za vidole viwili, akaikunjua, akaona alichokiona, akaiweka kando amebana pumzi. Mfuko wa pili ulikuwa na vijiti vya kuchokolea meno. Vilikuwa vimetumika.

"Ukikaribia soksi niambie," mzee alisema. "Nikazifue kwanza."

Mkobani mlikuwa na miwani, penseli tatu, daftari lenye kurasa nyeupe tupu, na nusu sandwichi ya mayai. Delphine aliifungua hiyo nayo. Mayai ya tangu asubuhi yalimpiga puani. Akainua kipande cha juu, akachungulia, akakirudisha.

"Hamna kitu."

"Mna haradali, mama. Au hukuiona?"

Verlon, kijana wa mapokezi, aliangua kicheko, akakigeuza kikohozi.

Mizani ililetwa asubuhi ile ile. Jalada linapimwa kabla msomaji hajapewa, na linapimwa tena akilirudisha. Mkurugenzi wa makumbusho aliitunga fomu mwenyewe: jina, namba ya jalada, na nafasi moja iliyoandikwa *Tofauti*. Nafasi hiyo ikibaki tupu, msomaji anakwenda zake. Saa tisa alasiri Verlon alikuwa ameandika humo tarakimu moja, akaja kunong'ona: "Dada Delphine, mzee wako huyu. Gramu tisa."

Karatasi mbili, Delphine alikadiria palepale. Barua ya kurasa mbili.

Hakupenda kumshuku mtu. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amezitunza nyaraka za Orrin Haskett, mchoraji aliyeuchora mji wa Dayton ulipozama katika gharika ya mwaka 1913: barua, risiti za rangi, kadi za mialiko, hata bili za duka la nyama zenye michoro nyuma yake. Mwaka jana barua moja ilitoka mlangoni ndani ya mkono wa sweta ya bibi mmoja mpole. Bodi ilimwambia Delphine waziwazi: ikitoka nyingine, na yeye atoke.

Tena huyu alikuwa mtu wa kuheshimiwa. Wiki iliyopita tu, katikati ya risiti, mzee Prewitt alikuta barua ya Haskett inayoitaja picha ambayo hakuna aliyekuwa na hakika kwamba ni yake. Sasa makumbusho yalikuwa mbioni kuinunua. Mkurugenzi alimkumbatia mzee mbele ya watu. Delphine alipiga makofi pamoja na wengine huku uso ukimwaka kwa aibu. Barua ile, miaka yote hiyo, hakuwahi kuitia machoni.

Ila mate yake hakuyaweza. Kila karatasi, mzee alilamba kidole gumba, chenye ukucha wa manjano, ndipo akaigeuza. Alionywa mara tatu. Jioni moja Delphine alikuta alama za unyevu kwenye pembe za barua, moja baada ya nyingine, na chakula cha usiku kikamshinda.

"Profesa, gramu tisa haziwezi kuyeyuka."

"Labda ni mate yangu. Si ndiyo unayoyalalamikia kila siku?"

Kisha, bila kuombwa, akavua viatu. Harufu ilijaa chumba chote. Verlon akageukia dirisha. Delphine alimeza mate, akaingiza mkono katika kiatu cha kushoto mpaka kwenye ncha, kulikokuwa na joto na unyevu, halafu cha kulia. Hamkuwa na kitu.

Simu ikalia kutoka ghorofani. Mkurugenzi alikuwa amekwisha kuambiwa; hakusalimia.

"Umemvua viatu? Mtu aliyetuletea Haskett mpya, wewe unamvua viatu? Muombe radhi, umwache aende."

Delphine aliomba radhi. Mzee aliupokea mkono wake kwa mikono yake miwili, akaushika kwa muda.

"Usijali, mama. Wewe fanya kazi yako. Kesho niwekee sanduku la kumi na nne."

Alipotoka, Delphine alizitupa zile glavu, akanawa mikono mara mbili. Akaketi na jalada. Kazi iliyobaki ilikuwa kujua ni barua ipi iliyopotea, aiandike katika ripoti, na pengine chini yake aandike barua yake ya kuacha kazi. Akafungua orodha aliyoipiga chapa mwenyewe mwaka wake wa kwanza: karatasi arobaini na sita. Akaanza kuhesabu, akizilaza moja moja upande wa kushoto, akiilinganisha kila moja na mstari wake. Mwaliko wa maonyesho. Risiti ya turubai. Barua kwa dada yake. Kila mstari ulipata karatasi yake. Ishirini. Thelathini na tano. Akapunguza mwendo, akiwa na hakika kwamba pengo linakuja.

"Zimepungua ngapi?" Verlon aliuliza, koti liko mwilini tayari. "Nianze ripoti?"

Delphine aliendelea kuhesabu. Arobaini na nne. Arobaini na tano. Arobaini na sita. Kidole chake kilikuwa kwenye mstari wa mwisho wa orodha, na upande wa kulia wa meza zilikuwa zimebaki karatasi mbili zisizo na mstari. Gramu tisa hazikupungua; zilizidi.

Aliyatazama masanduku kumi na matatu rafuni, yote aliyokwisha kuyasoma mzee, pamoja na lile lilikotoka barua ya wiki iliyopita.

"Kesho," alisema. "Kesho tutaanza na lile la kwanza."