Mtungi wa Nakaale

Nakaale aliuweka mtungi mtupu juu ya meza ya mwalimu, darasa zima likimtazama.

"Maji yako wapi?" mwalimu akauliza.

"Sikuenda, mwalimu."

Katika shule hii ya Kakuma, madawati hayawatoshi wanafunzi. Kila wakipewa hesabu, Nakaale humaliza wenzake wakiwa bado wanachonga penseli. Anayemaliza mapema hutumwa bombani kuchota maji ya jikoni, asije akawasumbua wengine. Mwalimu aliona anampa zawadi ya kunyoosha miguu.

"Kwa hivyo unakataa kazi?"

"Sikatai. Nipe hesabu ingine kwanza. Ngumu. Ikinishinda, naenda."

Mwalimu akaunyakua mtungi amrudishie. Ndipo akaona ubavu wake.

Kuanzia shingoni hadi chini, plastiki ya manjano ilijaa tarakimu za mkaa, ndogo kama punje za mtama. Bomba linatoa maji kiasi gani kwa dakika. Mtu wa mwisho kwenye foleni atajaza saa ngapi. Je, bomba la pili likifunguliwa? Jibu lilikuwapo, limepigiwa mstari.

"Nani alikufundisha hii?"

"Foleni ni ndefu, mwalimu."

Mwalimu aliurudisha mtungi mezani polepole, akiushika kwa kishikio tu.

"Kiranja, tafuta mtungi mwingine. Huu ukilowa utafutika."

Kisha akachukua chaki. "Haya, Nakaale. Bomba la pili likiziba kabla foleni haijafika nusu?"

Nakaale alikuwa ameshatoa kipande cha mkaa mfukoni.